Soda ya Katwe

Mimi ndiye niliyewatoa watu wa Katwe kwenye orodha. Nalisema mapema kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyosimulia makosa yao. Wanaanza mbali, wanaeleza mvua ilivyonyesha siku hiyo na mguu ulivyokuwa ukiwauma, mpaka ukifika kwenye kosa lenyewe umeshawahurumia. Mimi sitaki hivyo.

Baraza la sanaa la mji lina fedha za umma ambazo kila mwaka linawagawia watu wa ngoma, wachoraji, waigizaji na wachongaji. Wenyewe wanaziita ruzuku. Fomu zinatolewa, watu wanajaza na kurudisha, halafu watu saba wanakaa mezani kuamua nani apewe na nani aambiwe asante kwa kuomba. Mwaka juzi mmoja wa hao saba nilikuwa mimi.

Majirani waliuliza nilifikaje pale, mwanamke niliyeacha shule darasa la tatu. Nilifika kwa ngoma. Marehemu mume wangu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini kama mimi, na miaka yetu mingi tuliishi Naguru kwenye nyumba za askari. Sisi wake wa askari tulikuwa na ngoma yetu, na kiongozi wake nilikuwa mimi. Sikupenda utani kazini. Mwanamke aliyechelewa mazoezini alisimama pembeni akitutazama mpaka tumalize, hata awe mke wa ofisa. Tulicheza sikukuu nyingi mbele ya wakubwa, na sikumbuki siku ambayo mguu mmoja ulitangulia mingine. Kwa hiyo baraza lilipotafuta mtu wa upande wa Nakawa anayejua ngoma na asiyeyumbishwa, walinitaja mimi. Huko kutoyumbishwa ndiko walikokutaka zaidi, kwa maana kabla yangu kulikuwa na maneno ya bahasha za rushwa.

Fomu zote zilikuwa za Kiingereza. Karani wa baraza, binti mpole mwenye miwani, alikaa kando yangu akinisomea kwa Kiswahili, polepole. Mwingine angeona haya. Mimi niliona ni kazi yake na hii ni kazi yangu. Alikuwa akiniita jaja, kama vijana wote wa hapa wanavyomwita bibi, na nikimwambia rudia alirudia bila kuguna.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza tulisomewa maombi yote na kupunguza. Waliobaki, kila kundi lilitembelewa na mjumbe mmoja pale pale linapofanyia kazi, asikie kwa masikio yake, aone kwa macho yake, atoe alama kwa kumi. Mjumbe alijaza karatasi ya ziara. Swali la mwisho kwenye karatasi hiyo lilikuwa hili: je, umepokea chochote kutoka kwa waombaji? Ndiyo au hapana. Na sheria ilisema mjumbe hapokei chochote mpaka majina yatangazwe. Karani aliponisomea sheria hiyo mara ya kwanza, nilipiga meza kwa kidole nikasema hapo sasa mmesema neno.

Katwe alikwenda mwalimu mstaafu wa muziki, mtu mnene wa kuchekacheka. Kundi lenyewe lilikuwa la mafundi wa bati. Mchana wanagonga majiko na masanduku ya watoto wa shule, jioni wanapiga muziki kwa vyombo walivyotengeneza wenyewe kwa mabati hayohayo. Waliomba fedha za nyuzi na za kupanua banda, wawafundishe watoto wa mtaa ule kutengeneza na kupiga. Siku ya kikao mwalimu alisimama na karatasi yake, na kabla hajasoma alama zake akasema kuna jambo dogo.

Akatueleza kwamba alipewa soda, na baada ya soda sahani ya matoke kwa mchuzi wa karanga. Ameandika ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mke wa kiongozi ndiye aliyepika, akapiga magoti kumpa, na yeye hakuona angemwachaje mwanamke wa watu na sahani mkononi. Watu mezani wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka.

Mimi sikucheka. Nikauliza sheria inasemaje. Karani akaisoma.

"Inasema chochote," nikasema. "Soda siyo chochote?"

"Jaja, ni chakula tu," mwalimu akasema. "Hata wewe ungekula."

"Mimi nisingekula. Leo tumeachia soda, mwaka ujao itakuwa mbuzi, na mwaka unaofuata tumerudi kwenye bahasha."

Mwenyekiti alijaribu kututuliza. Alisema waandikiwe onyo, kisha alama zisomwe tuendelee. Nikamwambia kama sheria ni ya kusoma na kucheka, basi kiti changu wampe mtu anayejua kucheka. Tukapiga kura kwa mikono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda, na mingine mitatu ikaufuata, nadhani miwili kati yake kwa kuniogopa. Watu wa Katwe wakatolewa. Alama zao hatukuzisikia kabisa, mwalimu aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Barua waliyoandikiwa ilikuwa ile wanayoandikiwa wote: hamkufaulu mwaka huu, asanteni kwa kuomba. Sababu haikutajwa, kwa sababu baraza halikuwa na desturi ya kutaja sababu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Kundi moja lilikuwa halijatembelewa. Walikuwa na msiba siku yao ya kwanza, tukawapangia nyingine. Walikuwa akina mama wakimbizi kutoka Kongo, wanaoishi nyuma ya soko la Nakawa. Wanauza vitenge na samaki wakavu, na jioni wanaigiza na kuimba. Ziara hiyo nilipewa mimi, kwa sababu ya Kiswahili. Karani akanifuata ili anijazie karatasi.

Waliigiza uani, katikati ya kamba za nguo. Vyombo vyao vilikuwa mabeseni na michi. Mmoja aliigiza mwanamke anayekwenda ofisini kuandikisha jina la mtoto wake, na kila dirisha analofika wanaliandika jina lile vingine, mpaka mwisho anaitwa kwa jina asilolijua na mtoto haitiki. Nilitazama miguu yao, kama ninavyotazama siku zote. Haikukosea. Na walipopiga mabeseni yale kwa pamoja kisha wakanyamaza kwa pamoja, nilisikia ubaridi kwenye mikono. Walistahili. Hilo nitalisema mpaka nife.

Tukasimama kuaga. Kiongozi wao, mama mrefu mwenye kovu kidevuni, akasimama kati yetu na mlango.

"Mama mkubwa, usitukimbie," akasema. "Kuku amekwisha kufa. Sasa tumwambie nini?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Meza ilikuwa imeandaliwa tayari chumbani: bugali, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, na yule kuku. Karani aliniangalia. Akasema ana simu ya kupiga, akatoka nje, na hakurudi mpaka nilipomaliza. Kwa simu hiyo alikuwa akinifungulia mlango nitoke naye. Niliuona mlango huo vizuri sana.

Nikaketi. Yule mama mrefu akanawisha mikono yangu, akanipakulia, na juu ya bugali yangu akaweka firigisi. Mama yangu mzazi hakuonja kuku maisha yake yote. Kwao ilikuwa nyama ya wanaume, na firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Mimi mwenyewe niliipika miaka yote ya ndoa yangu, nikaiweka kwenye sahani ya mume wangu, na baada yake sikuwahi kujiwekea. Sasa nimewekewa na watu, mbele ya wanawake sita wanaonitazama usoni kuona kama imeiva.

Ningeweza kueleza zaidi. Ningeweza kusema kwamba nami nilikimbia vita vya kaskazini nikiwa na watoto wawili, nikalishwa na watu nisiowajua, na kwamba mkimbizi akikupa chakula ukamrudishia, umemwambia jambo baya kuliko tusi. Ni kweli yote. Lakini yule mke wa Katwe aliyepiga magoti na sahani, naye alikuwa na kweli yake, na mimi kwake sikutaka kuisikia.

Nilikula firigisi. Nilikula na paja. Nikaongezewa sombe.

Tulipofika barabarani, penye boda za kupanda, karani akaweka karatasi juu ya mkoba wake akaanza kunisomea maswali. Alama ngapi? Nikasema nane. Akaandika. Wanakutana mara ngapi, wako wangapi, mahali pao ni salama? Nikajibu.

"Jaja, hili ni la mwisho. Umepokea chochote?"

"Nimepokea nini?" nikamwuliza.

Alishika kalamu akasubiri. Madereva wa boda walikuwa wakituita mama kwa Kiganda chao, nyabo twende, nyabo mjini, na mdomoni mwangu ladha ya mawese ilikuwa bado ipo.

"Andika hapana," nikasema.

"Jaja."

"Chakula si kitu cha kupokea. Mtu anakula, basi. Andika."

Akaandika. Nikatia sahihi yangu, ambayo huwa naiandika taratibu, herufi moja moja, kwa sababu ni karibu maneno yote ninayoyajua kuandika vizuri. Akanitafutia boda, akalipa, akaniambia nifike salama. Alisema yote hayo bila kunitazama.

Akina mama wale walipewa. Siku ya kutangaza nilikaa mstari wa mbele kati ya wajumbe, na walipoitwa jina lao walipiga vigelegele mpaka mgeni wa heshima akaacha kusoma. Yule mama mrefu alikuja kunikumbatia. Nilimsukuma kidogo kwa mkono, kama ninamwambia hapa ni mbele za watu. Mwalimu wa muziki alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu. Alipiga makofi kwa furaha kabisa. Hakuwa na habari.

Nilifikiri itapita. Nimepitia mambo makubwa kuliko kuku. Lakini hili halikupita. Nikienda kwa majirani wakanikaribisha chai, nilianza kukataa. Mkwe wangu akaniuliza kama nina sukari kwenye damu. Kanisani mchungaji akisema tuungame, nilikuwa ninaungama makosa mengine, ya zamani, yenye watu waliokwisha kufa.

Mwishowe nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamkuta ofisini kwake, nikakataa kiti, nikamwambia nilivyokula na nilivyoandikisha. Nikamwambia afungue faili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mezani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Akanieleza kwamba akifungua faili, sheria ile ile niliyoiinulia mkono itawaangukia akina mama. Fedha wamekwisha pewa. Wamelipa chumba cha mazoezi, wamenunua vitambaa, wamefunga safari ya kuonyesha mchezo wao kwenye kambi za wakimbizi. Watazirudisha kwa kuwa waliniwekea sahani? Na wakirudisha, watu wa Katwe hawatapewa, maana mwaka wa fedha umefungwa.

"Jaja," akasema, "ile sheria ilitungwa kwa ajili ya bahasha. Wewe ndiye uliyetaka ishikwe mpaka kwenye sahani."

Nikamwambia najua. Nikamwambia kiti changu ampe mtu mwingine. Hakunibembeleza nibaki. Alisema mwaka unaokuja sheria itaandikwa upya, chakula kinacholiwa pamoja mbele ya watu kisiwe kosa, mradi kitajwe kwenye karatasi. Kumbe dawa ilikuwa sentensi moja.

Mwaka jana ukapita hivyo, mimi nyumbani, na hapo katikati hakuna wa barazani aliyenitafuta. Kisha mwezi huu karani alinipigia simu. Tangu siku ile ya boda hatukuwa tumezungumza yeye na mimi. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya magoti yangu, halafu akasema fomu mpya zimetoka na zitapokelewa mpaka Ijumaa. Sheria ya chakula imebadilishwa. Watu wa Katwe hawakuchukua fomu mwaka jana, na mwaka huu pia hawajachukua.

"Nimewapigia," akasema. "Yule baba, kiongozi wao, anasema wameacha. Sikumwambia kitu, jaja. Si langu kusema."

Asubuhi iliyofuata nilipita ofisini, nikachukua fomu moja, nikaenda Katwe.

Kule mtu hasikii anachowaza. Kila banda wanagonga. Niliuliza banda la wapiga muziki, nikaonyeshwa. Kiongozi mwenyewe alikuwa amepiga goti moja, anakunja ukingo wa sanduku la shule. Ni mtu wa makamo, Muganda, na Kiswahili chake ni kile cha kuuzia majiko. Nyuma yake, juu ya misumari, ilining'inia adungu, kile kinubi cha kwetu kaskazini, lakini tumbo lake si la mti na ngozi, ni la bati. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na hazikurudishwa.

"Mama, karibu," akasema. "Sigiri? Hii haili mkaa sana."

Nikamwambia sikuja kununua jiko. Nikamwomba asimamishe nyundo kidogo. Akasimamisha. Nikamwambia mimi ni nani, na nilikuwa nimekaa wapi siku walipoamuliwa. Nikamwambia walitolewa kwa sababu ya soda na matoke waliyompa mwalimu, na kwamba aliyetaka watolewe ni mimi. Kisha nikamwambia la kuku. Nilisema yote mara moja, nimesimama, kama mtu anayetoa habari polisi.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata nimechagua ni matusi gani ninayastahili. Yeye akauliza swali jingine kabisa.

"Kumbe si kupiga yetu?"

"Kupiga kwenu hakukusemwa. Hata alama hazikusomwa."

Akaketi juu ya lile sanduku ambalo halijaisha, likabonyea, na hakujali. Akanieleza kwa Kiswahili chake hicho, na alipokosa neno alinionyesha kwa mikono. Barua ilipokuja waliisoma wote hapa bandani. Wakaigeuza nyuma kuona kama sababu imeandikwa huko. Haikuwapo. Sasa, mtu asipopewa sababu anaitafuta mwenyewe. Walitafuta, wakaona ni mzee wa ndingidi, yule aliyekuwa akipiga zeze la uzi mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vizito. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini mazoezini wakawa wanasimama kila vidole vyake vinapochelewa, wanaanza tena, wanasimama, wanaanza tena, mpaka akaelewa. Siku moja alikuja na ndingidi yake ndani ya mfuko, akawasalimu, hakuitoa. Sasa yuko kijijini upande wa Masaka. Baada yake waliendelea miezi michache, wakaacha.

"Yule mzee alinifundisha mimi," akasema. "Na bati, na muziki. Mimi nilimfukuza na kusimama tu. Kusimama na kuanza."

Nilishika mkoba wangu. Nimewahi kumpoteza mume na mtoto mmoja, na najua huzuni isiyo na mtu wa kulaumiwa. Hii ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake na viatu safi.

Akainama karibu nami, ingawa kwa kelele zile hakuna ambaye angesikia.

"Bibi yangu asijue," akasema. Hapo alimaanisha mkewe. "Soda alinunua yeye. Mimi nilimwambia maji inatosha. Akasema, mgeni wa serikali unampa maji? Mama, asijue."

Nikamwahidi. Kisha akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Wewe ulitusikia lini?"

"Sijawasikia kamwe."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akatikisa kichwa. Akaita banda la pili na la tatu, wakaja wanaume wawili wenye vumbi la chuma hadi kwenye kope, mmoja akavuta ngoma iliyokuwa imewekewa madebe ya rangi juu yake, mwingine akachomoa filimbi kutoka mahali pa kuwekea misumari. Kiongozi akashusha adungu, akafunga nyuzi mbili mpya, akazikaza akisikiliza kwa sikio moja. Walibishana kidogo kwa Kiganda, nadhani kuhusu wimbo gani. Mimi wakanipa ndoo nikalie, iliyogeuzwa.

Wakapiga. Mwanzoni waliparazana kama watu waliokutana barabarani baada ya ugomvi. Kisha wakashikana. Lile bati linatoa sauti ambayo mti hauitoi, kali mwanzoni, lakini ikikaa inakuwa na kitu kama kulia kwa ndani. Mafundi wa jirani waliacha kugonga, mmoja mmoja, na ule mtaa wote ukapungua kelele. Nilitazama miguu yao, na niliposhindwa kuitazama tena nikatazama mikono yangu.

Walipomaliza, kiongozi hakuniuliza kama nimependa. Aliuliza ningempa ngapi.

Nilijua kwamba ningeweza kusema kumi. Nilijua pia kwamba mtu yule amedanganywa kwa kunyamaziwa muda mrefu, na akisikia kumi atajua ninalipa deni.

"Saba," nikasema.

"Kwa kumi?"

"Kwa kumi. Ngoma inakimbia mbele ya adungu. Na wimbo hamjui kuumaliza, mnauacha tu."

Mpiga filimbi akamgonga mpiga ngoma begani kwa kiwiko. "Nilikuambia, sebo. Wewe unakimbia kama umeiba."

Kiongozi alitabasamu kidogo, kisha akauliza taratibu, "Na ndingidi ingekuwa ndani?"

Nikamwambia siwezi kutoa alama kwa kitu ambacho sikukisikia. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo, na baada ya kulisema nilitamani ardhi ipasuke.

Mkewe akaja wakati huohuo, amesikia muziki kutoka nyumbani. Ni mwanamke mfupi wa macho makavu, na mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo. Akapiga magoti kunisalimu kwa Kiganda, nami nikamwinua haraka. Mumewe akamwambia huyu alikuwa mama wa baraza, na kwamba amewapa saba.

"Saba inashinda?" akaniuliza.

"Ilitakiwa sita."

"Sasa mbona mlitukatalia?"

Mumewe alishika nyundo, akaitazama. Wale wawili walinitazama mimi.

"Nilikosea mimi," nikasema.

"Uliandika vibaya?"

"Ndiyo. Niliandikisha vibaya."

Huo haukuwa uongo, ila kosa halikuwa pale alipofikiri. Akanikagua, kutoka kitambaa cha kichwani mpaka viatu. Alikuwa akiamua kitu, na hakuwa na haraka.

"Basi mwambie huyo aliyekaa kiti chako aandike vizuri," akasema. Akafuta mikono kwenye nguo yake, akaichukua fomu kutoka kwangu, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akamwuliza mumewe nani atakwenda kumleta mzee, kwa maana bila ndingidi yeye hakubali jina la kundi liandikwe.

Mumewe hakuinua uso. Mpiga ngoma akasema labda apigiwe simu. Mwanamke akasema mzee hana simu, na hata angekuwa nayo, jambo kama hili haliingii kwenye simu.

Nikasema wanielekeze njia, nitakwenda mimi. Ijumaa ilikuwa bado siku tatu. Kiongozi akaanza kunichorea barabara kwa msumari juu ya bati, na mkewe akamkatiza kila kona, akisema hapo umepotea, hapo kuna kinu cha kahawa kwanza, mwambie ashuke kwenye kinu.